Mlezi Mmoja wa Subilaga

Hapo zamani, lakini si zamani mno, maana simu zilikuwapo na chaji ilikuwa ikiisha kama inavyoisha leo, palikuwa na binti wa Tukuyu aitwaye Subilaga. Alimaliza kidato cha sita akafaulu, na nyumba yao haikutulia tena. Baba yake, Mzee Ambakisye, alianza kumwita wakili. Alimwita wakili mezani, alimwita wakili kanisani, akamwita wakili hata akimtuma maji. Binti mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa ng'ombe. Kila ng'ombe wa jirani aliposhindwa kuzaa, aliitwa yeye. Ila hakujua kama kuna chuo kinachofundisha mambo hayo.

Siku ya maonesho ya vyuo kule Mbeya, shangazi yake Bupe alimsindikiza. Subilaga aliona haya kuuliza. Shangazi hakuwa na haya hata ya kuazima. Aliingia banda la kwanza: "Huyu mtoto anazalisha ng'ombe. Mna kozi yake?" Wakacheka. Aliingia banda la pili, akauliza vilevile, wakacheka vilevile. Aliingia banda la tatu, akakalia kiti cha mgeni rasmi, akasema hatoki mpaka ajibiwe. Hapo ndipo waliposikia habari za udaktari wa mifugo. Walirudi nyumbani wakicheka njia nzima.

Basi Subilaga akaomba vyuo vitatu: sheria kumridhisha baba, ualimu kwa tahadhari, mifugo kwa roho yake. Vyote vitatu vikamkubali. Lakini utaratibu ulikuwa hivi: anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, aitumie kuthibitisha chuo kimoja kabla ya siku ya mwisho. Asipothibitisha, anakosa vyote.

Namba ikaja kwenye simu ya baba. Baba akaisoma, akaizima simu, akaificha siku mbili.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na mwisho ni saa sita mchana. Asubuhi hiyo Mzee alimkuta binti yake zizini, anamvuta ndama huku anaimba. Alitazama mpaka ndama akasimama kwa miguu yake. Kisha akatoa simu.

"Mwanangu, namba hii hapa. Watu wote nimeshawaambia wewe ni wakili. Nitajua mwenyewe la kuwaambia. Nenda kwa ng'ombe wako."

Simu yenye intaneti ilikuwa moja tu, ya binamu yake Lusajo. Lusajo naye alichaguliwa vyuo viwili, naye alitakiwa kuthibitisha siku ileile. Lakini tangu alfajiri alikuwa akipiga muziki na kucheza kwa furaha, chaji imekaribia kwisha, na umeme umekatika. Wakapanda kilima mbio kutafuta mtandao. Zimebaki asilimia mbili, za kumtosha mtu mmoja. Lusajo akaingiza namba ya Subilaga. Ukurasa ukaandika kwamba imethibitishwa, na simu ikazima. Subilaga alipiga vigelegele, akalia, akamkumbatia binamu yake. Saa sita ikapita. Lusajo akabaki kusubiri mwaka ujao.

Barua ya chuo ikafika: mwanafunzi aje na mlezi mmoja tu, jina lake liandikwe hapa.

Shangazi akasema, "Bila mimi usingejua kama kozi ipo. Niliuliza banda hadi banda, nikachekwa. Niandike mimi."

Baba akasema, "Bila mimi usingeiona namba. Mnajua ilivyo kumeza neno ulilotangaza kanisani? Niandike mimi."

"Uliificha siku mbili, kaka," shangazi akamkumbusha.

"Na wewe dada ulipoteza nini, zaidi ya mate?"

Lusajo akasema, "Bila mimi namba ingekufia mkononi. Mimi nimebaki nyumbani ili wewe uende. Niandike mimi, nikalione hata lango."

"Chaji aliimaliza nani?" baba akauliza.

Wakacheka wote, na Lusajo akacheka kuliko wote. Ila Subilaga hakucheka sana. Alikuwa ameshika kalamu, anawapenda wote watatu, na nafasi kwenye karatasi ni ya jina moja.

Haya, wasikilizaji, msinitazame mimi, kalamu ninayo hapa nawapa. Aliyeuliza, aliyeachilia, au aliyebaki: je, nani alistahili kuandikwa?