Tope la Bosi Lutobeka

Bosi Lutobeka alimwaga tope la mgodi wake wa dhahabu kwenye kinamasi cha hifadhi. Alipoombwa achimbe bwawa la kulizuia, alicheka. "Kwani vyura wamenishtaki?"

Kesho yake alimkuta Nyamizi, msusi wa mikeka, akichekecha tope mdomoni mwa bomba.

"Unatafuta nini?"

"Hakuna kitu, bosi. Wewe endelea tu kumwaga," alisema, akificha kibakuli kilichong'aa ndani.

"Na wale wanaokuja na mabeseni?"

"Ndugu zangu. Nao hawatafuti kitu."

Lutobeka aliziba bomba siku hiyohiyo. Akachimba bwawa, akalitandika turubai zito, akaweka walinzi tope lisitoke hata tone.

"Kibakulini mlikuwa na nini?" Nyamizi aliulizwa na shemeji yake.

"Magamba ya perege."