Kidevu cha Lusekelo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha kugeuzwa madarasa, alikuwako mtaalamu wa mazoezi ya viungo vya mwili aitwaye Subilaga. Katika kituo chake cha afya, huko milimani, kazi hiyo aliifanya peke yake. Akaletewa Lusekelo, mtoto wa miaka mitano, aliyemwagikiwa uji wa moto shingoni. Subilaga hakuwahi kutibu shingo iliyoungua.

Akajiunga na mafunzo ya mtandaoni. Kila mchana alipanda kilima kutafuta mtandao wa intaneti, na huko mwalimu wake, Daktari Kihwele, akamfundisha: mtoto huyo asilale na mto. Kichwa kiende nyuma, kidevu kiwe juu, ngozi ipone ikiwa imenyooka. Ikipona imejikunja, itavuta kidevu mpaka kifuani.

Subilaga akashuka, akaondoa mto. Akanyoosha shingo asubuhi, mtoto akalia. Akanyoosha jioni, mtoto akalia. Akina mama wodini wakamwita katili. Ilimuuma, lakini akanyoosha.

Ila kila alipopanda kilima, Bibi Atuganile, aliyekuwa akimuuguza Lusekelo, mjukuu wake, alikunja kanga akamwekea chini ya kichwa. Mtoto akanyamaza, akalala. Subilaga akirudi, kanga iko begani kwa bibi.

Wiki ya tatu kidevu kikaanza kushuka. Subilaga akanyoosha zaidi, kikashuka zaidi, na hakujua kwa nini. Ndipo mwalimu akadai picha ya mwisho ya mgonjwa, ili atoe cheti. Subilaga akaona aibu. Akatuma tena ile picha aliyoituma wiki ya kwanza, kidevu kikiwa juu. Mwalimu alikuwa na wanafunzi mia mbili. Akaitupia jicho tu. Picha ile ile aliyokwisha kuiona, shati lile lile, doa lile lile la dawa! Akaandika: "Hongera sana."

Ngozi ikakomaa. Kidevu kikaganda kifuani. Siri zote zikatoka, ya kanga na ya picha, na lawama zikaanza.

Bibi akasema, "Mwanangu, uliniambia nisiweke mto. Kwa nini nisiweke, hukuniambia. Uliniachia mtoto analia, ukaenda kuzungumza na simu. Nimtazame tu?"

Mwalimu akasema kwa simu ya kawaida, ambayo hata wodini ilishika, "Subilaga, ningejuaje? Ulinitumia uongo. Ungenionyesha kidevu kilichoshuka, ngozi ikiwa bado laini, tungemwokoa."

Subilaga akajibu kwa uchungu, "Nilidanganya, mwalimu, sikatai. Lakini nilikuwa peke yangu huku. Wa kumwuliza ulikuwa wewe tu, na wewe ndiye uliyekuwa unatoa alama. Nawe bibi, nilibeba jina la katili mwezi mzima, kumbe kila nilichojenga ulikuwa unakibomoa."

Wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Hakuna aliyemtazama mtoto.

Lusekelo akashuka kitandani. Shingo haikuweza kuinuka, kwa hiyo akapinda mgongo mzima kwenda nyuma ili amwone Subilaga usoni. Akauliza, "Dada, nililia lakini nikakubali kila siku. Nani amenifanya hivi?"

Subilaga akapiga magoti mbele yake, ili asilazimike kupinda mgongo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiinamishe vichwa. Nyinyi mnaweza kuviinua. Mtoto bado amesimama pale, anangoja. Je, atajiwe jina la nani?