Dereva Aliyeogopa Kutoa Upepo

Palikuwa na dereva mmoja wa gari la zahanati, katika nchi ya mawe na mchanga. Alikuwa amechoka, wala sisemi uchovu ule unaoondoka ukila ukalala. Alikuwa akiamka nao. Kwa miaka mingi alijaza matairi ya gari lile kwa pampu ya mguu. Mwiba ukitoboa, aliziba, kisha akasimama juani akikanyaga, akikanyaga, mpaka paja likatetemeka. Upepo wote uliokuwa ndani ya matairi yale aliujua kwa jasho lake.

Siku moja wakubwa wa zahanati wakamwambia, "Nenda mjini ukachague mtambo wa kujazia matairi upepo, wa kufunga kwenye gari. Chagua mwenyewe, maana wewe ndiye unayeteseka."

Huko mjini, mama mwenye duka alimwekea aina tatu juu ya meza.

"Hii ndogo inakula umeme wa betri," akasema. "Haina makuu. Ila ukishajaza tairi inachemka kama pasi, lazima uisubiri ipoe."

"Kusubiri nimesubiri sana, mama. Nyingine?"

"Huu mtungi umeshindiliwa gesi. Unafungua tu, tairi limejaa hata hujakohoa. Ukiisha, unaurudisha mjini kujazwa."

Dereva akaunyanyua, akaupima uzito, akaurudisha taratibu. "Vitu vinavyoisha vimenichosha. Ukiniishia huko porini nitamlilia nani?"

Mama akacheka, akagonga ile ya tatu kwa kucha. "Basi chukua hii, baba yangu. Inafungwa kando ya injini, na injini yenyewe ndiyo inayoizungusha. Gari likiwaka, upepo upo. Njia yako ikoje?"

"Mawe, halafu mchanga, halafu mawe tena."

"Basi ndiyo yenyewe. Ukifika mchangani unatoa upepo, tairi linalegea, linakanyaga kwa upana kama mguu wa ngamia. Ukitoka unaurudisha. Ulegeze, ujaze. Kazi yake ndiyo hiyo."

Dereva aliitazama kwa muda mrefu, machozi yakimlenga. Ikafungwa kwenye gari siku ileile, akarudi nayo nyumbani.

Haukupita muda, surua ikaingia kwenye maboma ya mbali. Muuguzi akapakia chanjo ndani ya kasha la barafu, na habari ikatumwa huko kwamba kina mama wakusanye watoto. Asubuhi ya safari dereva alikuta matairi yamepungua upepo. Akachukua pampu yake ya zamani, akaanza kukanyaga.

"Kwani ile mpya ina nini?" muuguzi akamuuliza.

"Haina kitu, sista. Naitunza tu isichakae."

Wakaondoka, matairi yamekaza kama ngoma. Kwenye mawe walikwenda vizuri. Walipoingia kwenye korongo la mchanga, gari likazama.

"Dereva, toa upepo," muuguzi akasema.

"Ngoja nichimbe kwanza."

Akachimba kwa mikono. Akakata matawi, akayatandika chini ya matairi, akakanyaga mafuta. Matairi yale magumu yakazidi kuchimba kama jembe. Akachimba tena. Jua likapanda. Muuguzi akafunua kasha kidogo, akalifunika haraka.

"Barafu inakwisha. Toa upepo, mzee wangu, nakuomba."

"Sista, wewe unasema tu! Nani anakanyaga pampu hapa, wewe au mimi? Upepo huu nimeutolea jasho. Nikiutoa, nitaurudisha na nini?"

Muuguzi akageuka. Akafungua boneti la gari.

Injini ilikuwa inanguruma. Kando yake ulikaa ule mtambo alioenda kuuchagua mwenyewe, bado umevikwa nailoni, na mpira wake wa kupitishia upepo umefungwa kwa uzi wa dukani.

Dereva akakaa chini mchangani. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kulia. Kisha akatambaa kutoka tairi hadi tairi, akibonyeza valvu, na upepo ukatoka ukipiga mluzi. Gari likatoka korongoni polepole, bila kelele, kana kwamba halikuwahi kukwama. Ng'ambo ya pili aliufungua ule uzi, na matairi yote yakajaa kabla muuguzi hajamaliza kukung'uta mchanga kwenye viatu vyake.

Lakini walipofika, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu, na chanjo haikufaa tena. Kina mama walikuwa wameketi juani tangu asubuhi, watoto mgongoni. Muuguzi akawaambia warudi nyumbani, waje siku nyingine. Mmoja wao akauliza, "Na huyu ambaye ameshaanza kuchemka?"

Dereva akatazama chini.

Wapendwa, tusimcheke. Yeye ni sisi. Kila juma tunakuja hapa kanisani tukiomba, "Bwana, tupe nguvu, tumechoka." Naye ametupa, tena ametupa isiyoisha. Mbona bado tunaishi kama watu wa pampu ya mguu? Kwa nini husamehe? Unaogopa ukiachilia utabaki na nini. Kwa nini hulii, na msiba ni wako? Kwa nini hupumziki hata siku ya kupumzika? Kwa nini chakula kinakukaba ukimwona mgeni mlangoni? Tumekaza. Tumejaza kwa jasho letu, tukakaza, na tumezama papo hapo tulipo, huku tukimwambia Mungu njia ndiyo mbaya.

Tena msidhani ugumu wetu unatuumiza sisi peke yetu. Dereva alichoka, ndiyo, lakini jioni alirudi nyumbani kwa gari. Yule mama alirudi kwa miguu, na mtoto anachemka mgongoni. Kuna mtu anatungoja ng'ambo ya korongo. Huenda ni mtoto wako, huenda ni mume wako mliyeacha kusemezana, nawe umekaa mchangani unachimba, ukiuliza utajaza na nini.

Inameni. Kila mmoja aguse tairi lake. Legeza. Injini inawaka.