Mpaka Mkono Useme Basi

Kutosha hakuna kibaba.

Mmecheka, nimewaona. Mwaringa hapa ameulizia tambi, kama atapakuliwa miiko miwili au mitatu, akajibiwa hivyo, nanyi mkadhani ni lugha ya mchoyo. Msiwasingizie wahenga. Methali hii haikutoka kwao. Ilipozaliwa, wahenga wa mji huu walikuwa wamefungiwa majumbani, barakoa hadi machoni. Ilianzia jikoni, hapahapa Malindi, mwaka ule wa korona, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Alikuwapo fundi cherehani aitwaye Sidi Karisa, mwanamke aliyepima kila kitu. Tepu yake ya kupimia ilikaa shingoni mchana kutwa, na mtu akimsalimia alijikuta anatazamwa mabega kwanza ndipo aitikiwe. Cherehani chake kilikuwa barazani kwa Bi Ornella, mjane wa Kiitalia aliyeishi Malindi miaka mingi hata Kiswahili chake kikaota mizizi, ingawa mizizi mingine ilikwenda upogo. Sidi alipotoka Ganze na cherehani kichwani, hana pa kukitua, ni bibi huyo aliyemwonyesha baraza na chumba cha uani, bila hata kumuuliza ubini. Sidi hakulisahau jambo hilo.

Alimwita Nyanya, kama anavyoitwa bibi yeyote. Na Bi Ornella, aliyependa utani kuliko kahawa, kila akiitwa aliuliza:

"Nyanya mimi, au nyanya ya mchuzi?"

"Nyanya wewe."

"Ah! Leo nimeiepuka sufuria."

Kisha korona ikaingia. Ndege zikaacha kutua, kafyu ikawekwa, kaunti zikafungwa. Mpishi wa Bi Ornella alikuwa amekwenda Nairobi kumzika shangazi yake, akakwamia hukohuko. Mvua za masika zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza pale simu ilipolia kutoka Italia: Pia, dada pekee wa Bi Ornella, amekufa kwa ugonjwa huo, na amezikwa bila ndugu hata mmoja kumsindikiza. Bi Ornella aliiweka simu mezani polepole. Tangu siku hiyo ukimwita Nyanya aliitika tu. Na hakula.

Sidi alimpelekea uji, ukapoa. Akampelekea wali wa nazi, akanenepa paka.

"Nyanya, unataka nini basi?"

"Chakula cha nyumbani. Cha mimi na Pia."

"Nieleze. Nitapika."

Maneno makubwa hayo kwa mtu ambaye jikoni alijua sima na mboga, ikaishia hapo. Bi Ornella akawekewa kiti mlangoni mwa jiko, shali mabegani, akaanza kueleza: unga, mayai, chumvi, ukande, usukume, ukate, ujaze mchicha uliochemshwa.

"Unga kiasi gani?" Sidi akauliza, akiwa ameanza kumimina.

"Kwanto basta."

Sidi alilijua neno basta. Malindi nzima inalijua, hata wasiojua Italia iko upande gani: basta ni basi, acha. Akaacha. Mkono ukabaki hewani na kikombe cha unga.

"Mbona umesimama?"

"Si umesema basta?"

"Kwanto basta, Sidi! Kiasi cha kutosha!"

"Sawa, na cha kutosha ni vikombe vingapi?"

Bi Ornella akainua mabega.

Kuinua mabega si kipimo, kwa hiyo Sidi akajitungia vyake: vikombe vitatu, mayai matatu, kijiko kimoja cha chumvi, jua liwake mvua inyeshe. Vipande alivikata kwa tepu, inchi mbili kwa mbili, vikatoka sare kama mifuko ya mashati. Vilipendeza kushonwa, si kuliwa. Masika yote akapika mchicha, kwa kuwa ulijiotea kila penye udongo. Kipupwe kikaja na maboga, akajaza maboga. Na kila siku ilikuwa vilevile. Bi Ornella angekula vijiko viwili, vya heshima tu, kisha angeifunika sahani kwa kiganja.

"Basta."

Sidi alikuwa amemshonea gauni la buluu. Kipupwe hicho alilipunguza ubavuni, na baadaye akalipunguza tena. Kusoma tepu alijua, na tepu ilikuwa ikimwambia kwamba Nyanya anaisha.

Siku moja unga ulioletwa dukani ulikuwa wa kinu kingine, tena umepata unyevu. Vikombe vitatu, mayai matatu, na donge likawa gundi. Vidole vyote kumi vikanasa. Sidi akalipuka.

"Basta, basta! Kila siku basta! Mteja akija aniambie nimkatie gauni la kwanto basta, si atatoka uchi?"

Bi Ornella alimtazama vidole vile. "Sidi, sima unaipimaje?"

"Sima? Sima haipimwi. Nani anapima sima?"

"Unajuaje unga umetosha?"

"Unatia, unasonga, unatia, unasonga, mpaka..."

"Mpaka nini?"

"Mpaka mkono useme basi."

"Eeh," akasema Bi Ornella kwa upole. "Na mkono wa Kiitalia husema basta."

Sidi akachota unga kwa kiganja, akanyunyiza, akakanda. Akanyunyiza tena. Donge likaachia kidole kimoja, likaachia cha pili, mwishowe likakaa mkononi laini kama shavu la mtoto. Hakuhesabu.

Siku hiyo Bi Ornella alikula vijiko vitano. Sidi alijifanya haoni.

Vuli ikanyesha, kunde mbichi zikajaa sokoni. Sidi akapika tambi fupi kwa kunde na nyanya, akionja, akiongeza, akionja, akizungumza na sufuria kama mkwe. Akampakulia vijiko viwili, kama ilivyokuwa desturi ya msiba ule. Vikaisha. Akangoja kiganja. Badala ya kiganja ikaja sahani.

"Nikutilie kiasi gani, Nyanya?"

"Nyanya ipi? Mimi, au ya mchuzi?"

Mwiko ukabaki hewani kama kikombe cha siku ile. Machozi yakamtoka Sidi, akasingizia kitunguu ambacho hakikuwamo.

"Haya, pima," Bi Ornella akamhimiza. "Fundi si wewe?"

Sidi akapapasa shingoni. Tepu aliisahau kwenye cherehani.

"Kutosha hakuna kibaba, Nyanya," akasema, akapakua.

Mama Kahaso, jirani aliyekuwa nje ya ukuta akingojea barakoa zake zimaliziwe, aliyasikia yote. Barakoa ilimziba mdomo, masikio haikumziba, na mdomo wenyewe haikuuziba sana. Kufikia jioni soko zima lilikuwa na methali mpya. Na upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, Sidi alilifumua gauni lile la buluu, akarudisha kila alichopunguza, akishukuru mshono kwa mshono.

Ndiyo maana, Mwaringa, hatukukuhesabia miiko. Sogeza sahani. Atakayesema basta ni wewe. Kutosha hakuna kibaba.