Shimo la Mkaguzi

Zamda alikuwa mama lishe, na mgahawa wake ulikuwa bondeni mwa bohari la Sheweji. Kila mvua iliponyesha, maji ya paa la bohari yalimjaa jikoni. Mwaka huo halmashauri ilianza kuwatoza wenye majengo ya biashara ushuru wa maji ya mvua. Aliyeyazuia kiwanjani kwake alipunguziwa nusu.

Sheweji akaja. "Mkaguzi wa halmashauri akikuuliza, sema maji yangu hayafiki kwako. La sivyo hama, kibanda ni changu."

"Nitasema, tajiri. Akiuliza yanakwenda wapi?"

"Sema shimoni."

"Atataka kuliona."

"Nitachimba dogo."

"Wakaguzi humwagia humo mapipa kumi ya maji, tajiri. Likifurika, wanakunyima punguzo. Wanakula hapa, nawasikia."

Sheweji akachimba shimo la kumeza lori. Mvua ikanyesha siku tatu, jikoni kwa Zamda pasiingie hata tone.

Mkaguzi alipokuja, alilitazama shimo akashangaa. "La nini lote hili? Sisi hatumwagi maji. Hata dogo lingetosha." Akagonga muhuri, akashuka kutafuta chai.

Sheweji akamfuata hadi mgahawani. "Zamda, si ulisema wakaguzi wanakula kwako?"

"Huyu ndiye wa kwanza," Zamda akasema, akimfutia mgeni kiti. "Zamani palikuwa na maji."