Sindano ya Kila Miezi Sita

Wapendwa, leo nataka niwape habari ya mjane mmoja, na naomba mnivumilie, kwa sababu hata mimi inaniuma kuieleza. Ni mfano tu. Msimtafute mtaani kwenu. Nitamwita Bibi Nakijwa.

Bibi Nakijwa alikaa huko milimani na alikuwa na watoto wawili. Zefania alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, amejenga hatua chache kutoka kwa mama yake. Namsifu, binti yake, hakuolewa. Aliishi na mama.

Siku moja Bibi aliinua ndoo ya maji, ndoo ndogo tu, akasikia kitu kimekatika mgongoni, ka! Hakuanguka. Hakugongwa na kitu. Aliinua ndoo. Namsifu akampeleka hospitali ya rufaa, wakampiga picha, na daktari akawaeleza kwamba mifupa ya Bibi imekonda kwa ndani, imekuwa myepesi kiasi kwamba hata kukohoa kwa nguvu kunaweza kuvunja pingili ya mgongo.

Namsifu akauliza, "Atapona, daktari?"

"Huu si ugonjwa kama malaria, dada. Hakuna siku nitakuambia umekwisha. Tutamchoma sindano kila baada ya miezi sita, na kila siku atakunywa vidonge vya kalsiamu. Sindano hii inaishikilia mifupa. Mkiiacha, inaachia, tena inaachia haraka. Msichelewe hata mwezi mmoja."

"Hatutachelewa," Namsifu akasema.

Na kweli hawakuchelewa. Miaka sita, wapendwa! Jioni kabla ya siku ya kliniki, Namsifu alipiga pasi gauni la mama yake la buluu, lile lenye kola nyeupe, akaiweka kadi kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Asubuhi walipanda gari la kwanza, wakashuka, wakapanda la pili. Pale nyumbani aliondoa mikeka sakafuni ili mama asiteleze, akagongelea ubao wa kushikia pembeni ya ngazi za mlangoni. Kila baada ya chakula cha jioni alimpa kidonge na kikombe cha maji, akasimama mpaka kimemezwa. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe unanilea kama mimi ndiye mtoto," na wote wawili wanacheka.

Miaka sita Bibi hakuvunjika hata kidole.

Watu wa pale walimjua Namsifu kama mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Haya mengine hawakuyajua; hata Zefania, aliyeshinda karakanani, hakuwahi kuziuliza tarehe. Hayakuwa na kelele. Nani anatangaziwa kanisani kwamba fulani jana alimpa mama yake kidonge?

Basi, mwezi wa tatu Namsifu akashikwa na homa. Siku ya tano akafariki.

Msiba ule ulijaa watu. Kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Wakina mama walimshika Bibi mikono, wakamwambia, "Usijione uko peke yako, sisi tupo." Mchungaji akasema maneno mazuri sana kaburini. Ndugu wakakaa kikao baada ya matanga: nguo za marehemu apewe nani, cherehani iende wapi, simu achukue nani. Wakamaliza vizuri bila ugomvi, wakaombeana, wakatawanyika. Zefania alikuwa akipita kwa mama yake kila siku, asubuhi na jioni. Mkewe alipeleka chakula. Hakuna aliyemtelekeza Bibi. Nisikieni hapo: hakuna aliyemtelekeza.

Mwezi wa tano ukaja, ukapita.

Mwezi wa tisa, Bibi aliinama kuvaa kiatu, mgongo ukakatika. Wakamchua kwa mafuta ya moto, wakasema ni majonzi, ni umri. Wiki iliyofuata alipiga chafya, akapiga kelele ambayo Zefania aliisikia karakanani kwake. Ndipo wakampeleka hospitali. Pingili tatu zilikuwa zimevunjika, na Bibi alikuwa amepungua kimo kiasi cha upana wa kiganja.

Daktari alifungua faili. "Bibi alichomwa mara ya mwisho mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa tano hakuja. Tulipiga namba hii mara nne, haikupatikana."

Zefania akaitazama ile namba. Ilikuwa ya dada yake. Laini waliitoa wenyewe siku ile ya kugawa simu, wakaitupa.

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Bibi akasema, "Nilivaa, baba."

"Ulivaa nini?"

"Siku ya kliniki nilivaa lile gauni la buluu, nikakaa mlangoni na kadi mkononi. Ulipita na pikipiki ukaniambia, Mama leo umependeza. Kesho yake nikavaa tena. Wakina mama wa kanisa wakapita, wakaniambia nimependeza."

"Mimi nilikuuliza unakwenda wapi. Ukasema huendi popote."

"Ningesemaje? Kuitaja sindano ilikuwa ni kumtaja yeye. Jina lake lilikuwa bado halitoki mdomoni kwangu bila kilio, na wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kupata usingizi. Siku ya tatu nilivaa tena. Ilipofika saa sita mchana nikajua kwamba hakuna anayejua. Nikavua."

Zefania alilia, wapendwa, mwanamume mzima, wodini mbele za watu.

Mnataka kujua ilikuwaje baadaye? Bibi alirudishiwa sindano. Zefania anampeleka mwenyewe, na hapitishi tarehe. Lakini sindano inalinda kilichobaki, haikunjui mgongo uliokwisha kukunjika. Bibi Nakijwa sasa akisimama anaona ardhi na viatu vya watu. Zefania akitaka mama yake amwone usoni, inabidi achuchumae. Na kila akichuchumaa, anajua sababu.

Sasa niulize. Je, Zefania alikuwa mtoto mbaya? Wale wakina mama walikuwa waongo waliposema, "Sisi tupo"? Sivyo. Walikuwepo. Walipita mlangoni siku tatu mfululizo, wakamwona mwanamke mzee amevaa nguo ya safari, ana kadi mkononi, wakamsifia gauni. Waliuliza nguo za Namsifu zinakwenda kwa nani. Kikao kizima, hakuna aliyeuliza: huyu dada yetu, alikuwa akifanya nini kila jioni? Alikuwa akimpeleka nani, wapi, tarehe ngapi? Wakamzika Namsifu, na kazi yake wakaizika pamoja naye, na Bibi akaachwa juu ya ardhi bila mshikilizi.

Na sisi tunapenda kusaidia mambo yenye mwisho. Mtu akilazwa, tunakwenda na chai ya chupa. Mtu akifa, tunakesha. Lakini ugonjwa usio na siku ya kuisha, dawa ya leo na ya kesho na ya miaka kumi ijayo, hiyo tunamwachia mtu mmoja, na yule mtu mmoja hatumuulizi hata kama amechoka. Mgonjwa naye ananyamaza, kwa sababu anatuhurumia. Tunamuuliza, "Hujambo?" Anasema, "Sijambo." Tunafurahi kwamba amejibu haraka, tunaendelea na safari.

Wapendwa, katika usharika huu mwezi uliopita tumezika watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja. Mnawajua. Yule mama, kila Alhamisi alikuwa akienda kwa nani? Yule kijana, ni dawa za nani alikuwa akizifuata mjini? Mbona mmenyamaza?

Mimi pia sijui. Mimi mchungaji wenu nilisimama kaburini mara zote mbili, nikahubiri, mkaniambia nimehubiri vizuri, nikarudi nyumbani kula. Sikuuliza.

Leo tukitoka hapa siendi nyumbani. Nakwenda kwenye zile nyumba mbili, nikae chini, niulize. Nani atafuatana nami?