Aliyepiga Mkwaju wa Tano

Usimtumie mwenzako hii kabla hujaimaliza. Wengi wakiona habari ya mpira huiacha katikati, na uzito wa hii uko kule chini.

Kulikuwa na chuo cha ualimu huko nyanda za juu za kusini, kikiitwa Lupembwa. Hakikuwa na majengo ya kujivunia wala maji ya uhakika, lakini kilikuwa na timu ya mpira, na timu hiyo ilisifika kwa jambo moja kuliko yote: wapiga penalti. Kipa wa chuo kingine akiambiwa anakwenda kucheza na Lupembwa, tumbo lilianza kumuuma tangu njiani.

Ndiyo maana kila mwaka wahitimu wa zamani waliporudi chuoni kwa sherehe yao, mazungumzo yalianzia huko na kuishia huko huko.

Mwaka huo Mwalimu Yusto Ngailo naye alikuja. Enzi za ujana wake alikuwa kipa wa timu hiyo; sasa alikuwa mstaafu mwenye mvi na miwani mizito. Alikaa chini ya turubai kando ya uwanja, sahani ya pilau mapajani, akiwasikiliza mashabiki wenzake wakishindana kukumbuka.

"Mnamkumbuka Ndunguru?" alisema mmoja. "Yule alikuwa anampa kipa mgongo kwanza, anawapungia mashabiki mkono, ndipo anageuka na kupiga. Kipa anabaki amesimama kama mlingoti wa bendera!"

"Ndunguru alikuwa na mbwembwe tu," mama mmoja alimkatiza. "Niambie Kapinga. Kapinga alipiga mpira ukachana wavu, ukaenda kutua jikoni kwenye sufuria la ugali. Na ugali wenyewe tuliula!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ngailo naye alicheka, maana hata yeye alikuwa ameula ugali ule.

"Sawa, sawa," akasema wa tatu, "lakini hao wote huwezi kuwaweka kundi moja na Bunduki."

Hapo kila mtu alikubali. Bunduki ndilo jina walilompa Gaudensi Mbilinyi, mshambuliaji aliyefunga penalti nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya chuo. Siku hiyo alikuwa meza kuu, amevaa koti jeupe, shada la maua shingoni. Mashabiki walikuwa wamempigia kura awe Mpiga Penalti Bora wa Nyakati Zote, na muda mfupi uliopita alikuwa amekabidhiwa ngao yake. Watu walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Ngailo alipiga makofi kwa ncha za vidole.

"Ila jamani, msimsahau na Haule!" sauti moja ilipasuka kutoka nyuma.

Turubai zima lililipuka kwa kicheko.

Pale Lupembwa, Haule halikuwa tena jina la mtu. Mwanafunzi akifeli mtihani, wenzake walisema amepiga Haule. Mpishi akiunguza maharage, aliambiwa leo umepiga Haule. Hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya mechi iliyolianzisha walilitumia neno hilo, bila kujua kwamba Haule ni mtu mwenye mke, watoto na shamba.

Lakini Ngailo alijua. Fidelis Haule alikuwa beki wa kushoto, mtu mpole wa maneno machache. Katika fainali ya vyuo vya kanda, uwanja ukiwa tope tupu, timu zilikwenda kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. Haule alipiga mkwaju wa tano, akapaisha mpira juu ya goli, na kombe likaondoka. Tangu siku hiyo waliimba jina lake kwa matusi. Wengine walisema alinunuliwa. Baada ya kumaliza masomo hakukanyaga tena chuoni.

Ngailo alikuwa ameshausema ukweli wa siku ile. Aliusema wiki ile ile bwenini, akaambiwa ana wivu na Bunduki. Akausema tena kwenye sherehe hizi, si mara moja, na kila aliposimama walimvuta shati. "Mwalimu, tuachie tufurahi," walimwambia. Naye alikaa, akila hasira yake pamoja na chakula.

Basi mshereheshaji, kijana mchangamfu aliyevaa suti ya kung'aa, akashika kipaza sauti.

"Tumeshampa zawadi mpiga penalti bora. Sasa kamati haikuwa na ubaguzi, ikaandaa na zawadi ya mpiga penalti mbovu wa nyakati zote!"

Akainua juu jozi ya gambuti mpya nyeusi, buti za kulimia kwenye tope. Ubavuni zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyeupe: HAULE.

Watu walipiga meza. Wengine walisimama juu ya viti ili waone vizuri. Mbilinyi, pale meza kuu, alicheka hadi akatoa kitambaa kufuta macho.

"Mwenyewe hayupo," mshereheshaji aliendelea, "lakini leo tuna bahati! Binti yake yuko hapa hapa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Skolastika Haule, pita mbele umpokelee baba!"

Msichana mwembamba alisimama katikati ya wanafunzi. Hakuwa na namna ya kukataa. Wenzake walikuwa wanamsukuma mgongoni wakicheka. Alitembea kuelekea mbele akitazama nyasi.

"Mwambie baba asipigie mpira gambuti hizi," mshereheshaji alisema, "atamvunjia mkuu wa chuo dirisha!"

Ngailo hakujua alisimama saa ngapi. Alichosikia ni sahani yake ikianguka. Alipita katikati ya meza, akafika mbele, na kabla binti hajanyoosha mikono, yeye akazichukua zile gambuti.

"Mwalimu, subiri zamu yako," mshereheshaji alijaribu kutania.

"Nipe hicho kipaza sauti."

Ile sauti haikuwa ya utani. Kijana akampa.

"Nimewafundisha baadhi yenu kusoma na kuandika," Ngailo alisema, "na leo naona aibu kuwa niliwafundisha. Mnamwita mtoto mbele za watu ili mumtukane baba yake? Amewakosea nini huyu?"

"Mwalimu, ni utani tu!" mtu alipaza sauti.

"Utani humchekesha na anayetaniwa. Mtazameni huyu. Anacheka?"

Ngailo akawageukia wahitimu wenzake.

"Miaka yote nikisimama mnanivuta shati. Leo asinivute mtu. Mnajua ni nani aliyepangwa kupiga mkwaju wa tano siku ile?"

Akaziinua gambuti juu.

"Haikuwa zamu ya Haule. Haule hakuwa hata kwenye orodha. Hakuwahi kupiga penalti maishani mwake. Mkwaju wa tano aliuomba mwenyewe Gaudensi Mbilinyi, kwa sababu wa mwisho ndiye anayebebwa mabegani. Lakini ilipofika zamu yake, na akaona kwamba akikosa tumeshindwa, alikaa chini kwenye tope akashika paja. Kocha alizunguka akiuliza, jamani, nani anapiga? Mashujaa wenu wote waliinamisha vichwa. Beki mmoja akasema, basi nitapiga mimi. Huyo ndiye mliyemtengenezea gambuti!"

Macho yote yaligeukia meza kuu. Mbilinyi alijisogeza kwenye kiti.

"Ngailo, ndugu yangu," alisema, "haya ni mambo ya zamani. Leo tuko kwenye furaha."

"Ya zamani? Mbona gambuti ni mpya?"

"Msuli ulinibana. Mtu akiumia afanyeje?"

"Ulikuwa umeumia, na jioni ile ile ulicheza muziki kwenye ukumbi wa wenyeji wetu? Nilikuona, Gaudensi. Haule alikuwa nje kwenye basi, peke yake, na shuka kichwani."

Mnong'ono ulipita chini ya turubai. Lakini watu hawapendi kunyang'anywa kicheko chao. Mtu mmoja aliyekuwa ameshiba na kulewa sifa za timu yake alipaza sauti: "Hata kama! Penalti ni penalti. Mita kumi na moja, goli pana kama mlango wa godauni, na bado akapaisha? Hata bibi yangu angefunga!"

Wachache walicheka tena.

Ngailo akageuka, akanyoosha kidole.

"Vizuri. Uwanja huo hapo. Kipa wa chuo yule pale, na mpira anao. Njoo upige mmoja tu, mbele ya watu wote hawa. Ukifunga, nakuomba radhi hadharani. Ukikosa, tunafuta jina la Haule kwenye gambuti hizi, tunaandika lako, na watoto wako watalisikia hapa chuoni mpaka wazeeke. Njoo."

Yule bwana akacheka kidogo, akatazama jirani zake, akakaa.

"Haya, mwingine. Nyie mliopanda juu ya viti. Mama uliyemsifu Kapinga. Mshereheshaji, wewe una maneno mengi, njoo." Kila aliyemtaja alitazama pembeni. "Basi bingwa wa nyakati zote. Bunduki! Una ngao mkononi, hata rangi haijakauka. Anza wewe, uwaonyeshe vijana."

"Magoti yangu siku hizi..." Mbilinyi alianza.

"Zamani paja, leo magoti," mtu alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mamia ya watu walikuwa pale. Waliocheka walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kusogea hatua moja kuelekea kwenye ule mpira.

Ndipo Skolastika akavua ndala zake.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Ngailo. "Nitapiga mimi."

Moyo wa Ngailo ulishtuka. Hakuwa amekusudia hili. "Mwanangu, hapana. Wewe huna la kuthibitisha kwa watu hawa."

"Najua. Nataka kupiga tu."

Alitembea uwanjani, miguu mitupu. Kipa aliuweka mpira kwenye alama, akarudi golini. Watu walitoka chini ya turubai wakasimama kwenye mstari. Ngailo aliomba kimoyomoyo, kama ambavyo hakuwahi kuomba tangu siku za ukipa wake: Mungu wangu, afunge huyu mtoto. Afunge, hawa watu wanyamaze.

Msichana akarudi nyuma, akakimbia, akapiga.

Mpira uligonga mtambaa panya wa juu ya goli, ukaruka, ukapotelea kwenye mahindi nyuma ya goli.

Alikuwa amekosa.

Ngailo alifumba macho, akisubiri kicheko. Alijua kitakuja. Aliufunga mkono ngumi, tayari kumrukia wa kwanza.

Hakikuja. Mamia ya watu walisimama na hakuna aliyetoa sauti. Walikuwa wamemwona akienda peke yake mahali ambapo wao wenyewe walikuwa wamekataa kwenda, na kila mmoja alikuwa bado anaisikia hofu yake. Kicheko kilikosa pa kutokea.

Skolastika alirudi taratibu, vumbi miguuni. Akasimama mbele ya mshereheshaji.

"Nimekosa," alisema. "Mnaweza kuandika na jina langu."

Binti akamgeukia Ngailo, akapokea gambuti kwa mikono miwili.

"Asante, mzee. Baba analima bondeni, maji yanafika magotini. Zitamfaa."

Mama yule aliyesimulia habari za Kapinga alianza kulia. Mmoja mmoja watu walirudi kwenye viti vyao. Walipotazama meza kuu, kiti cha Mbilinyi kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka kwa kupitia nyuma ya turubai, na ngao yake ameiacha mezani kati ya chupa za soda.

Ngailo alimsindikiza binti hadi kwenye ukingo wa uwanja. Alimsikia akipiga simu nyumbani, na sauti ya baba yake ikasikika wazi kwenye spika ya simu.

"Baba, shikamoo. Nimepiga penalti leo."

"Wapi?"

"Hapa chuoni. Uwanjani, mbele ya watu wote."



"Ikawaje?" baba aliuliza.

"Nimekosa, baba."

Kisha Ngailo alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu ile fainali. Alimsikia Fidelis Haule akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Lakini ulipiga?"

"Nilipiga."

"Basi, mwanangu. Wengi hawajui hata mpira ule una uzito gani."

Funzo: Kabla hujalifanya kosa la mtu kuwa jina lake, uliza siku ile ni wangapi walikataa kusimama mahali pake, kisha ujiulize kama wewe ungesimama.